Mizani ya Kliniki Haipimi Hofu ya Mama

Haya ni maneno ya mazungumzo yaliyotayarishwa kwa ajili ya walimu na watumishi wa umma wa Jiji la Dar es Salaam.



Taifa linapohesabu mafanikio yake katika afya, hapana budi lianze na mama. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015-16 ulikadiria kwamba katika kila vizazi hai 100,000, akina mama 556 walipoteza maisha kwa sababu za uzazi. Utafiti wa aina hiyo hiyo uliofanywa mwaka 2022 ulikadiria vifo 104. Katika muda huo huo, uzazi unaofanyika katika vituo vya afya ulipanda kutoka asilimia 63 hadi asilimia 81. Nyuma ya tarakimu hizo wamo wakunga waliokesha, wananchi waliobeba mawe na mchanga wa kujengea zahanati, na walipa kodi waliogharimia dawa na magari ya wagonjwa. Kazi haijakwisha, kwa maana vifo 104 bado ni misiba 104. Lakini hatua iliyopigwa ni kubwa, nayo inastahili kusemwa.

Hata hivyo, kila hatua ya maendeleo huleta swali lake. Mama anayefika kliniki na kurudi nyumbani salama anarudi na afya ya namna gani? Mjamzito wa Kariakoo akihudhuria kliniki hupandishwa kwenye mizani. Hupimwa shinikizo la damu. Hutolewa damu ili kuangalia wekundu wake, kaswende na virusi vya UKIMWI. Mkojo wake huangaliwa. Mkunga hulipapasa tumbo na kusikiliza mapigo ya moyo wa mtoto. Hayo yote ni mema na ya lazima. Lakini katika vituo vingi haijawa desturi kumwuliza mama huyo kama analala usiku, kama kuna jambo linalomtia hofu isiyokwisha, na kama nyumbani anakorudi kuna amani. Moyo wa mtoto unasikilizwa. Moyo wa mama haujapewa nafasi yake katika utaratibu wa kazi.

Madhumuni ya mazungumzo haya ni kueleza kwamba nafasi hiyo yaweza kupatikana na kwamba gharama yake si kubwa. Madhumuni mengine ni kutahadharisha kwamba swali hilo likiulizwa vibaya, mahali pabaya, au bila msaada kufuata, laweza kumdhuru yule yule linayekusudia kumsaidia.

HOFU YA KAWAIDA NA HOFU ILIYO UGONJWA

Kila mwenye mimba huogopa. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na hakuna mzazi asiyejua pia hofu iliyoutangulia uchungu huo. Hofu ya kiasi ina faida yake: humkumbusha mama tarehe ya kliniki, humfanya aweke akiba ya nauli ya usiku, humfanya amwite mkunga mapema.

Ugonjwa huanza pale hofu inapokuwa bwana na mama anapokuwa mtumwa wake. Hukaa kwa wiki nyingi. Haipungui hata baada ya kuambiwa kwamba mtoto yu salama. Humnyima mama usingizi hata pale mtoto anapolala. Moyo humwenda mbio akiwa ameketi, kifua humbana, mikono humtetemeka. Baada ya kujifungua aweza kuamka mara kumi kwa usiku mmoja kumgusa mtoto aone kama anapumua, au akaogopa kabisa kubaki naye peke yake chumbani. Watu wa pwani wana maneno yao kwa hali hii: ana mawazo, moyo haumtulii, roho iko juu. Wataalamu huiita wasiwasi, nao huutenga na sonona. Mwenye sonona amezama katika huzuni na kukata tamaa juu ya yaliyopo. Mwenye wasiwasi anangojea baya lijalo. Lakini mara nyingi maradhi haya mawili hukaa katika nyumba moja, na anayebisha hodi kwa moja humkuta na la pili.

Yapo mambo mawili ya kutiliwa maanani hapa. La kwanza, upungufu wa damu nao huleta uchovu na mapigo ya moyo ya haraka. Kwa hiyo mama apimwe damu na aulizwe hofu yake. Jibu la moja lisiwe sababu ya kuacha la pili. La pili, upo wehu wa siku za mwanzo baada ya kujifungua, unaowapata wanawake mmoja au wawili tu katika kila 1,000 wanaozaa, ambapo mama huona au kusikia yasiyokuwapo na huweza kujidhuru au kumdhuru mtoto. Huo si wa kungoja siku ya kliniki. Ni dharura, na mgonjwa apelekwe hospitali saa ile ile.

UKUBWA WA JAMBO LENYEWE

Wako watakaosema kwamba haya ni maradhi ya wanawake wa Ulaya, wenye nafasi ya kuyatazama mawazo yao. Madai hayo hayana msingi. Mwaka 2017 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 102 kutoka nchi 34, ukaonyesha kwamba katika miezi mitatu ya mwisho ya mimba, karibu mwanamke mmoja katika kila wanne ana dalili za wasiwasi. Shirika la Afya Duniani nalo linakadiria kwamba maradhi ya akili, hasa sonona, huwapata asilimia 10 ya wajawazito na asilimia 13 ya waliojifungua duniani. Lakini katika nchi zinazoendelea makadirio hupanda hadi asilimia 15.6 na 19.8. Umaskini haumkingi mtu na hofu. Humwongezea.

Ushahidi wa hapa nyumbani upo, tena umekusanywa na wataalamu wa hapa. Jijini Mwanza, utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta robo ya wajawazito waliohojiwa wana wasiwasi mkubwa uhusuo mimba yenyewe. Jijini Dar es Salaam, Dkt. Bathsheba Mahenge na wenzake waliwahoji wanawake 1,180 katika kliniki ya wajawazito ya Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Asilimia 27 walieleza kwamba walipigwa au kulazimishwa tendo la ndoa na waume au wenzi wao katika mimba ile ile waliyokuwa nayo. Na wanawake hao walikuwa na uwezekano wa kuonyesha dalili za wasiwasi karibu mara nne kuliko wenzao walioishi kwa amani.

Tarakimu hiyo ya Muhimbili isomwe polepole. Inafundisha kwamba hofu ya mjamzito mara nyingi si kivuli kilichozaliwa ndani ya kichwa chake. Ina sababu, ina anwani, na pengine ina ufunguo wa mlango wa nyumba. Mtu anayeogopa kitu cha kweli hahitaji kuambiwa apunguze mawazo. Anahitaji kulindwa.

Na madhara hayaishii kwa mama. Wasiwasi mkubwa wakati wa mimba umeonekana katika tafiti nyingi kuandamana na watoto kuzaliwa kabla ya wakati na wenye uzito mdogo. Baada ya uzazi, mama asiyelala na asiyetulia hupata taabu kunyonyesha na kucheza na mwanawe. Mwalimu wa darasa la awali humpokea mtoto huyo baada ya miaka mitano, asijue kwamba baadhi ya anayoyaona yalianza kabla mtoto hajapewa jina.

MAMA WA KARIAKOO

Inafaa kuyatazama haya mahali yanapoishi. Kariakoo ilipata jina lake kutokana na kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, yaani Waafrika waliobebeshwa mizigo ya vita isiyokuwa yao. Ni katika mitaa hiyo na jirani zake ambako TANU ilizaliwa Julai 7, 1954. Soko kuu, lililobuniwa na msanifu wa Kitanzania Beda Amuli, lilifunguliwa mwaka 1975, na hata moto wa Julai 2021 haukuiondolea Kariakoo sifa ya kuwa kitovu cha biashara cha nchi na cha majirani.

Katika msongamano huo yumo mjamzito. Ni mama lishe aliyewasha moto kabla ya adhana ya alfajiri. Ni binti auzaye nguo kwenye meza iliyo ukingoni mwa barabara. Ni mwajiriwa wa duka la jumla ambaye hana mkataba wa maandishi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mwajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo ya siku 84, na siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Mwalimu na karani wa Serikali wanaijua haki hiyo. Mama lishe hana wa kumwomba likizo. Siku asiyopika ni siku asiyokula, na kama alichukua mkopo wa marejesho ya kila siku, ule ambao watu wenyewe wameupa jina la "kausha damu", siku asiyopika ni siku ya kumkimbia mdai. Akija kliniki na moyo unaokwenda mbio, nani atajua kama ni damu iliyopungua au ni deni?

Hapo zamani mji ulikuwa na utaratibu wake. Nyumba ya Kiswahili ilikuwa na vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma. Mzazi alikaa ndani siku arobaini. Mama yake au shangazi alimkanda kwa maji ya moto, alimpikia uji wa pilipili manga, alimpokea mtoto usiku ili mzazi alale. Jirani wa chumba cha pili alisikia kilio cha mtoto, na akisikia kilio cha mama aligonga mlango. Hakuna aliyeuita utaratibu ule uchunguzi wa afya ya akili, lakini mzazi alitazamwa kila siku na macho zaidi ya mawili.

Leo nyumba nyingi za namna hiyo zimebomolewa na ghorofa zimesimama mahali pake. Mama mzazi yuko Lindi, Kigoma au Singida. Shangazi ana genge lake. Mume yuko safarini na bidhaa. Arobaini imebaki jina. Kwa wengi wanaoishi kwa kipato cha siku, wiki mbili baada ya kujifungua mama amerudi kwenye meza yake, mtoto mgongoni.

Lakini si haki kuyasifu ya kale bila kupima. Desturi zile zile zilimlea mzazi na pia zilimziba mdomo. Mwanamke aliyelia wakati wa uchungu aliambiwa anajiaibisha. Aliyesema anaogopa mtoto wake mwenyewe alidhaniwa amerogwa au ana shetani. Hata sasa, kumtaja daktari wa akili ni kumtajia mtu Mirembe, na kuitaja Mirembe ya Dodoma ni kumtangaza kuwa mwehu. Kwa sababu hiyo mama husema kichwa kinamwuma, mgongo unamwuma, tumbo linamsokota; husema kila kiungo isipokuwa kile kinachomwuma. Wahenga hao hao walionya kwamba mficha uchi hazai.

SWALI LIULIZWE VIPI

Uchunguzi wa awali si mashine na hauhitaji chumba chenye umeme. Ni maswali machache yenye majibu yanayohesabiwa alama. Mwaka 1987 wataalamu watatu wa Uskoti, John Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky, walichapisha orodha ya maswali 10 kwa ajili ya akina mama waliojifungua, na matatu kati yake yanagusa wasiwasi. Orodha hiyo ya Edinburgh imesambaa duniani. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2014 unawashauri wakunga kuanza na maswali mawili tu juu ya wasiwasi: kama katika siku zilizopita mama amekuwa na hofu au kukosa utulivu, na kama ameshindwa kuyazuia mawazo yanayomsumbua. Marekani, mwaka 2023, jopo la wataalamu lilipendekeza watu wazima wa hadi umri wa miaka 64 wachunguzwe wasiwasi, wajawazito na waliojifungua wakiwamo.

Lakini orodha iliyoshonwa Edinburgh au Boston haivaliki Kariakoo bila kukatwa upya. Jambo hili lilionwa mapema na wataalamu wa Muhimbili. Mwaka 2002, Dkt. Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha matokeo ya kuijaribu orodha ya maswali 25, iitwayo Hopkins, miongoni mwa wajawazito wa Dar es Salaam wanaoishi na virusi vya UKIMWI. Orodha hiyo ina maswali 10 ya wasiwasi na 15 ya sonona. Walikuta kwamba ilifaa kuitambua sonona, lakini alama ya mpaka kati ya mzima na mgonjwa hapa ilikuwa 1.06, chini ya ile iliyozoeleka kwingineko. Angetumia mtu mpaka wa ng'ambo, wagonjwa wengi wangerudishwa nyumbani wakiitwa wazima. Mwaka 2008 ilichapishwa orodha nyingine, ya maswali 19, iliyojengwa kwa maneno ambayo watu wa hapa huyatumia kueleza dhiki ya moyo. Hiyo ndiyo maana ya kujitegemea katika elimu: kuchukua chombo cha wenzetu, kukipima kwa mizani ya hapa, na kutengeneza kingine pale kisipotosha.

Lugha ni hatua ya kwanza. Hatua ya pili ni faragha, na hapa pana fundo linalohitaji kufunguliwa kwa busara. Kwa miaka mingi Serikali imewahimiza wanaume kuwasindikiza wake zao kliniki ili wapime virusi vya UKIMWI pamoja. Lengo ni jema na limeleta faida. Lakini katika baadhi ya vituo himizo limegeuka sharti: mwanamke anayefika peke yake huambiwa alete mume, au barua ya serikali ya mtaa ya kuthibitisha kwamba mume hayupo. Sasa ikumbukwe ile asilimia 27 ya Muhimbili. Mwanamke aliyepigwa juzi, akiulizwa mbele ya aliyempiga kama nyumbani kuna amani, atajibu kwamba amani ipo. Karatasi itaandikwa kwamba hana hofu. Kisha atarudi nyumbani na mtu aliyeyasikia maswali yote.

Kwa hiyo utaratibu wowote wa kumchunguza mama wasiwasi hauna budi uwe na dakika chache ambazo mama yu peke yake na mkunga, mlango umefungwa, bila mume, bila mama mkwe, bila foleni inayosikiliza. Mume atapewa nafasi yake kabla au baada. Jambo hili halivunji ndoa ya mtu. Mkunga anayempima mama njia ya uzazi humwomba mume atoke, na hakuna aliyelalamika. Nayo barua ya mtaa isiwe lango la kumzuia mwenye shida zaidi asiingie kliniki.

BAADA YA SWALI, NINI?

Hapa ndipo penye uzito. Kumwuliza mtu kama ana njaa huku jiko limezimwa ni kumdhihaki. Kadhalika, kuwapima akina mama wasiwasi na kuandika alama zao katika daftari, kisha kuwaaga, si huduma. Huko Uingereza kwenyewe, kamati ya taifa ya uchunguzi wa maradhi haikupendekeza kila mama apimwe sonona kwa orodha kama utaratibu wa nchi nzima, kwa sababu orodha huwakamata pia wasio wagonjwa, na faida hutegemea huduma inayofuata. Tahadhari hiyo isipuuzwe.

Je, huduma hiyo inawezekana katika nchi yenye watu zaidi ya milioni 61 kwa sensa ya mwaka 2022 na madaktari wachache wa akili? Jibu limetolewa na nchi ambazo hazikungoja kuwa tajiri. Nchini Pakistan, wanawake wa vijijini wanaofanya kazi ya afya ya jamii, wasio madaktari, walifundishwa kuwatembelea na kuzungumza kwa mpango maalumu na wajawazito wenye sonona. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 yalihusu akina mama 903: miezi sita baada ya kujifungua, waliobaki wagonjwa katika kundi lililotembelewa kwa mpango huo walikuwa asilimia 23, na katika kundi lingine asilimia 53. Nchini Zimbabwe, Dkt. Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwatumia akina bibi wa mitaa ya Harare, wanaokaa na mgonjwa kwenye benchi nje ya zahanati na kumsaidia kulichambua tatizo lake moja baada ya jingine. Jaribio lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kwamba benchi lile liliwaponya wengi kuliko huduma ya kawaida. Na hapa Dar es Salaam, lilijaribiwa shauri la vikundi vya wajawazito wanaoishi na virusi, wakiongozwa na wauguzi wakunga. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha nafuu ya kiasi. Nafuu ya kiasi si ya kubezwa, lakini pia si ya kutiliwa chumvi. Ni mwanzo wa kazi.

Kariakoo haina upungufu wa akina bibi, wala wa vikundi. Mwaka 1955, Bibi Titi Mohamed alipotakiwa kuwaingiza wanawake katika TANU, alivitumia vikundi vya ngoma vya akina mama ambavyo tayari vilikuwapo. Habari ilipita ua kwa ua, na mji ukaitika. Leo viko vikundi vya kuweka na kukopa, vya kuzikana, vya kutunzana katika harusi. Iko UWT, liko shina na balozi wake. Na Januari 2024 Serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaokusudia kuwafikisha wahudumu zaidi ya 137,000 nchini katika miaka mitano. Wahudumu hao watapita milangoni kwa mzazi. Wakifundishwa maswali machache, namna ya kusikiliza bila kuhukumu, na mahali pa kumpeleka mwenye hali mbaya, arobaini itakuwa imerudi kwa sura nyingine.

Ngazi za msaada zijulikane wazi. Mwenye hofu ndogo apate mtu wa kuzungumza naye na kikundi cha kumshika mkono. Anayepigwa aunganishwe na afisa ustawi wa jamii na dawati la jinsia la polisi, kwa ridhaa yake na kwa siri. Mwenye hali nzito apelekwe hospitali kwa daktari, kwani matibabu yapo, na mengine hufaa hata kwa anayenyonyesha. Kituo kisicho na ngazi hizi kizitengeneze kwanza, ndipo kianze kuuliza.

WAJIBU WA WALIMU NA WATUMISHI

Mwalimu aweza kuuliza, haya yananihusu nini? Yanamhusu kwa njia mbili. Novemba 2021 Serikali ilitangaza kwamba wasichana walioacha shule kwa kupata mimba wataruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi wa elimu. Uamuzi huo uliondoa kizuizi cha miaka mingi. Lakini msichana huyo anarudi darasani akiwa mama mchanga, mara nyingi bila mume, bila fedha, na huku wenzake wakimnong'ona. Mwalimu wa malezi anayemwona akisinzia, akitetemeka anapoulizwa swali, au akitoroka mapema, asikimbilie fimbo wala dharau. Amwite kando, amwulize usiku analalaje, na amwongoze kwenye kituo cha afya.

Njia ya pili ni ofisini na katika chumba cha walimu. Mtumishi anayerudi baada ya siku 84 amerudi kwa sheria. Huenda moyo wake haujarudi. Mkuu wa kazi asimpokee kwa mzaha kwamba alikuwa likizo. Sheria inampa saa za kunyonyesha. Apewe bila manung'uniko. Na mwanamume mtumishi ajue kwamba siku zake chache za likizo ya uzazi hazikuwekwa ili akapumzike barazani.

Kwa watumishi wa afya, kusema haya si kuwalaumu. Muuguzi mmoja mbele ya foleni ya wanawake hamsini hana muda wa maongezi. Ndiyo sababu maswali yawe mawili kwa wote, na mengi kwa wachache watakaoonekana kuyahitaji. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilisemwa pia kwamba kliniki haina nafasi ya kutoa ushauri nasaha juu ya virusi vya UKIMWI kwa kila mjamzito. Nafasi ikapatikana, kwa kuwa nchi iliamua kwamba mtoto asizaliwe na virusi.

Kwa wale wanaosisitiza kwamba hili ni jambo la kigeni, sheria ya nchi inawajibu. Kanuni ya Adhabu, katika kifungu cha 199, inatambua kwamba mama aweza kumwua mtoto wake aliye chini ya miezi 12 akili yake ikiwa imevurugika kwa athari za kujifungua, nayo hulihesabu kosa hilo kama la kuua bila kukusudia. Maana yake ni kwamba mahakama, baada ya msiba, humwuliza mama hali ya akili yake. Je, ni haki swali hilo liulizwe kwa mara ya kwanza kizimbani, wakati mama huyo alipita kliniki mara nne, mara sita, mara nane, akapimwa kila kitu?

Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio, wakachimba vyoo na kufyeka vichaka kwa mikono yao. Hawakungoja kila kijiji kipate daktari. Walianza na kile kilichowezekana kwa elimu na umoja.

Kinachowezekana leo ni hiki: vituo vinavyowahudumia akina mama wa Kariakoo na kata jirani vianze, kila kimoja kikiwa na chumba chenye mlango unaofungika, maswali ya Kiswahili yaliyopimwa hapa, na orodha ya watu wa kumpokea mama atakayejibu kwamba ana hofu. Halmashauri ya Jiji ikague baada ya mwaka mmoja ni akina mama wangapi waliulizwa, na, lililo kubwa zaidi, ni wangapi waliosaidiwa. Mama wa Kariakoo amekwisha kufika kliniki. Aliyebaki kumfikia mwenzake ni yule aliyekaa upande wa pili wa meza.